Opsheni za uchumi: ipi uchukue na ipi uache, kwa sie tunaotaka kazi Unguja na Pemba

Mtoto wa mamdogo kanipigia juzi usiku, yuko mwaka wa pili uchumi, fomu ya kusajili kozi inafungwa Ijumaa na bado ana nafasi tatu za opsheni, zile kozi za kuchagua mwenyewe, hajazijaza. "Kaka, wenzangu wote wanachukua ujasiriamali, wanasema A iko nje nje, nijaze tu na mie?" Nkamwambia subiri usijaze, ntakuandikia. Nilipoanza kumuandikia nkaona imekuwa ndefu na wenye suala hilihili ni wengi, basi soma na wewe.

Nianze na yangu. Mie nilivyokuwa chuo opsheni nlichagua kwa kipimo kimoja tu, lekchara gani anatoa alama. GPA ikatoka nzuri, siku ya mahafali mama kalia. Kishaa nkaitwa interviu, ofisi siitaji, nafasi ya msaidizi wa utafiti. Wakanipa karatasi moja ina jedwali la rigresheni, yaani hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyoendana na chengine, juu imeandikwa logi ya kipato, chini yake miaka ya kusoma, koefishenti (ile namba ya kipimo) 0.08, nieleze. Nkasema kipato kinaongezeka kwa 0.08. Yule mama aliekaa katikati akaniuliza, "0.08 ya nini mwanangu, shilingi?" Nkanyamaza. Jibu lenyewe ni kuwa kila mwaka mmoja zaidi wa skuli unaendana na kipato kuwa juu kama asilimia 8, kwa sababu kilichopimwa pale ni logi ya kipato na sio kipato chenyewe, kitu cha dakika tano ukishasomeshwa, lakini mie ekonometria ya pili, somo la kupima uchumi kwa data na takwimu, niliikimbia kama mtu anaekimbia deni. Nlitoka pale nkenda Darajani kunywa maji ya miwa peke yangu.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza namwambia jina la kozi liweke pembeni kwanza. Fikiria Jumatatu asubuhi ushaajiriwa, umekaa mezani, bosi kakuletea kazi, kazi gani hiyo? Na kozi hii ikiisha itakuachia nini cha kumuonesha mtu, jedwali, ripoti, hesabu uliofanya mwenyewe, au itakuachia alama tu?

Mambo ya karani kwanza. Prospektasi ya chuo itakuonesha opsheni kumi na tano, usizihisabu. Zinazosomeshwa kweli muhula huo huwa tano sita, mana lekchara mmoja yuko masomoni nje, kozi nyengine wakijiandikisha watu wanne inafutwa, uliza idarani kabla hujapanga maisha yako. Angalia na kozi inayotakiwa itangulie, kama ekonometria ya kwanza una sapu, mtihani wa kurudia, na matokeo hayajatoka, ya pili huipati. Halafu krediti. Kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, digirii ya miaka mitatu ni krediti 360 na krediti moja ni saa 10 za kazi yako yote, darasani, maktaba, asaimenti, kwa hiyo opsheni ya krediti 12 ni saa 120. Saa 120 mtu anajifunza Kitaliano cha kuombea kazi.

Haya tuziweke mbili mbili, mana ndivyo zinavyowagombanisha watu.

Ekonometria ya pili au uchumi wa maendeleo

Hapa nitakaa kitako kidogo.

Uchumi wa maendeleo ni kozi tamu. Unasoma kwa nini nchi moja imeondoka na nyengine imebaki, umasikini unapimwa vipi, mchumi Lewis na wafanyakazi wake wanaotoka shamba kwenda viwandani, mwenzake Amartya Sen na hoja yake kuwa maendeleo ni uwezo wa mtu kuishi maisha anayoyathamini, mikopo midogo, ardhi, elimu. Mtihani ni insha. Kama unajua kuandika na madesa, zile noti za kurithi, umeyapitia unapita bila ya homa, na mabishano ya barazani yote unayashinda.

Ekonometria ya pili haina utamu huo, wiki za mwanzo kichwa kinauma. Ile ya kwanza ilikufundisha kupitisha mstari kwenye data, hii ya pili inakufundisha lini mstari ule unakudanganya. Unakutana na data za miaka mingi zinazopanda pamoja kama zina uhusiano kumbe hazijuani kabisa, data za paneli, yaani watu walewale wanaofuatwa miaka mingi, majibu ya ndio na hapana yanayotaka hesabu zake maalumu, logiti au probiti, na kubwa kuliko zote suala la nini kimesababisha nini, mana waliochukua mkopo na wasiochukua pengine walikuwa tofauti tangu kabla ya mkopo wenyewe. Asaimenti unafanya kwenye programu za kompyuta, Stata au EViews au R, sio kwenye daftari.

Chukua mfano wa kwetu. Utafiti wa bajeti ya kaya Zanzibar ulikuta umasikini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 30.4 mwaka 2014/15, ukashuka hadi 25.7 mwaka 2019/20, na Pemba iko juu ya Unguja mara zote mbili. Mtu wa maendeleo atakuandikia kurasa kumi kwa nini Pemba, atataja barabara, bandari, karafuu, siasa, watu kuhamia Unguja na Bara, na hatokuwa amekosea. Mtu wa ekonometria atachukua data ya kaya moja moja akuulize, hizi kaya mbili zina idadi sawa ya watu, elimu sawa, kazi za aina moja, moja iko Micheweni na moja iko Mjini, sasa tofauti iliobaki baina yao ni kiasi gani? Ofisi ikitafuta mtu, hao wa kurasa kumi wanajipanga hadi nje ya geti, wa pili unawahisabu kwa vidole.

Na ofisi zenyewe ni zile zile kila mtu anazitaja. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Tume ya Mipango, utafiti pale Benki Kuu, na ukivuka maji kuna taasisi za utafiti, REPOA na ESRF, Dar. Hata miradi ya mashirika inayotafuta mtu wa ufuatiliaji na tathmini, suala lao kubwa ni moja, je mabadiliko haya yameletwa na mradi au yangekuja tu? Suala hilo halijibiki kwa insha. Na kama una nia ya mastazi ndo kabisa. AERC, jumuiya ya utafiti wa uchumi Afrika iliopo Nairobi, ina programu ya mastazi ya uchumi inayoshirikisha vyuo vya nchi mbalimbali za Afrika, Chuo Kikuu cha Dar (UDSM) wamo, na wanafunzi wake hukusanywa Nairobi kusoma opsheni zao pamoja. Ukenda kule bila ya ekonometria utakuwa kama mtu aliekwenda ngalawani hajui kuogelea.

Lakini nisikudanganye. Ekonometria inauma GPA. Kama unawinda kubakishwa chuo kuwa tutori na unahitaji daraja la kwanza, yaani 4.4 kwenda juu, C moja inaweza kukutoa kwenye mstari, na wapo waliokosa kwa hiyo C moja. Na kama hesabu na wewe hamuelewani tangu fomu tu, usijiue. Chukua maendeleo ila usiiwache ikae peke yake, jifunze kukusanya data kwa simu, programu zake zipo, KoboToolbox ni ya bure na ODK ni ya bure, jitolee kwenye utafiti mmoja wa vijijini, ujue dodoso baya linavyoharibu kazi. Mtu anaejua kuuliza masuala vizuri kwa lugha ya watu wa Makunduchi au Kojani na akayaingiza sawa sawa kwenye mfumo, huyo haozi.

Msimamo wangu: ukiiweza, chukua ekonometria, mana maendeleo utaisoma mwenyewe na vitabu vyake vinasomeka. Ekonometria hakuna aliewahi kuisoma mwenyewe likizo akaimaliza, sijamuona.

Pesa na benki au fedha za Kiislamu

Hii kwetu ni ya moyoni. Wazee wengi wakisikia mtoto kasoma fedha za Kiislamu wanafurahi zaidi kuliko benki ya kawaida, na mie nawaelewa. Ila tuangalie kazi.

Kozi ya pesa na benki inakufundisha benki inavyopata faida, kwa nini inaanguka, Benki Kuu inaendeshaje sera ya fedha. Hapa pana mtego wa madesa. Ukirithi desa la kaka yako la 2019 litakwambia BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, inalenga ujazi wa fedha, kiasi cha pesa kilichomo kwenye mzunguko. Mambo yamebadilika, tangu Januari 2024 wanatumia riba ya Benki Kuu, walianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo wakapandisha 6, Julai 2025 wakashusha 5.75. Ukijibu kwa desa la zamani kwenye interviu ya benki wanakusikiliza kwa adabu tu.

Fedha za Kiislamu nayo watu wanaidharau bure wakidhani ni somo la dini lenye namba. Tuseme mvuvi wa Nungwi anataka mashine ya boti ya milioni 4. Benki ya kawaida inampa mkopo, tuseme riba jumla laki 8, analipa milioni 4.8 kwa mwaka, laki 4 kila mwezi. Kwa murabaha benki inanunua mashine yenyewe kwanza, kisha inamuuzia kwa milioni 4.8, laki 4 kila mwezi. Darasani lazima atokee mmoja aseme "sasa tofauti iko wapi, si milioni 4.8 zilezile?" Na suala hilo ndo kozi yenyewe. Katika murabaha benki lazima imiliki mashine kabla ya kuuza, ikiharibika kabla ya kumkabidhi hasara ni ya benki, bei ikishakubaliwa haipandi hata akichelewa, na faini ya kuchelewa kama ipo benki haiingizi mfukoni, inakwenda kwenye kheri. Ukitoka hapo kuna mudharaba, mmoja anatoa mtaji mwengine anatoa kazi, faida wanagawana kwa walivyokubaliana na hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji maadam mwenzake hakuzembea, halafu musharaka, wote wanatia mtaji na hasara inafuata mtaji. Ukiyaelewa haya unaelewa nadharia ya hatari na taarifa zisizo sawa, pale upande mmoja unapojua zaidi ya mwengine, kuliko mtu aliezisoma kwa grafu tu.

Ajira zake je? Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ipo tangu 1966 na ina huduma za Kiislamu, Benki ya Amana ipo, benki nyengine kubwa zina madirisha yao ya Kiislamu, na 2025 Serikali ya Mapinduzi yenyewe ilizindua sukuk, hatifungani ya Kiislamu. Soko lipo, ila viti ni vichache na sio vyote vya mchumi. Bodi ya sharia inataka masheikh waliosoma fiqhi ya miamala, kaunta inataka ofisa mikopo yeyote. Mchumi anaingia katikati, kwenye kubuni bidhaa na kupima hatari, na hapo utaulizwa pia mambo ya benki ya kawaida.

Kwa hiyo nafasi ikiwa moja, chukua pesa na benki. Zikiwa mbili, chukua zote mbili. Na kama ndoto yako ni kwenda Malaysia kusoma zaidi, chuo cha INCEIF au kwengine, fedha za Kiislamu isogeze juu, na Kiarabu chako cha madrasa kisikutoke.

Fedha za umma au biashara ya kimataifa

Sisi wa Visiwani kozi ya fedha za umma tungepaswa kuwa mabingwa wake, mana tunaishi ndani ya mfano. Mfanyabiashara mmoja wa Mkunazini ana mabwana wawili wa kodi. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, anakutana na TRA, mamlaka ya mapato Tanzania. VAT, ushuru wa hoteli, ushuru wa stempu, ni ya Zanzibar, anakutana na ZRA, mamlaka ya mapato Zanzibar, zamani ZRB. Kiwango cha kawaida cha VAT hapa ni asilimia 15, Bara 18. Halafu kuna ile asilimia 4.5 ya misaada na gawio la Benki Kuu inayopewa Zanzibar, kuna Tume ya Pamoja ya Fedha iliomo ndani ya Katiba ya Muungano ibara ya 134, mambo ambayo barazani watu wanayabishania hadi kahawa inapoa lakini anaeweza kukaa akayahisabu ni nani? Kozi hii inakupa vyombo vyake: mzigo wa kodi unamuangukia nani hasa, mwenye hoteli au mgeni au mfanyakazi, bajeti inasomwaje, deni linabebeka mpaka wapi.

Jumatatu asubuhi ya mtu huyu iko Wizara ya Fedha, ZRA, TRA, Tume ya Mipango, halmashauri, ofisi za ukaguzi. Nafasi zikitangazwa uchumi huwa kwenye orodha ya fani zinazokubaliwa mara kwa mara. Ila jua utashindana na wahasibu, na mhasibu akiwa na CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya NBAA, anakupita kwa karatasi, wewe lazima uonekane kwenye uchambuzi.

Biashara ya kimataifa ni nzuri kwa mtu mwenye damu ya biashara. Karafuu peke yake ni muhula mzima. Zanzibar mnunuzi halali kwa mkulima ni mmoja, shirika la serikali ZSTC, na Indonesia ndo mzalishaji mkubwa wa dunia na papo hapo mlaji mkubwa, karafuu zake zinaingia kwenye sigara za kretek, kwa hiyo mavuno ya kule yakiwa mabaya au mazuri soko la dunia linatikisika na Wete wanalisikia. Bei ya nje ya mpaka ikizidi ya ndani, magendo usiku. Ricardo na Heckscher-Ohlin, wenye nadharia za kwa nini nchi zinafanya biashara, utawasoma, sawa, lakini kinacholisha ni upande wa forodha, ule ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki wenye ngazi za asilimia 0, 10, 25 na tangu Julai 2022 na 35, kanuni za asili ya bidhaa, nyaraka. Wapo vijana wa uchumi waliomaliza wakachukua na cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, sasa wanatoa makontena Malindi na Dar na hawana shida na mtu.

Ukitaka kuajiriwa serikalini chukua fedha za umma. Ukiwa unataka chako mwenyewe, biashara ya kimataifa. Hapa sina ugomvi.

Uchumi wa utalii au uchumi wa mazingira na buluu

Mtu wa Unguja akisikia utalii anajaza fomu kabla ya kusoma maelezo. Na ana haki, mana utalii ndo unatuendesha: 2019 walikuja wageni kama laki 5 na 38 elfu, 2020 corona ikawashusha hadi kama laki 2 na 60 elfu, 2024 wakapindukia laki 7 na 36 elfu. Kozi itakufundisha pesa ya mgeni inazunguka mara ngapi kabla haijatoka kisiwani na kiasi gani inavuja, mana kama samaki wamekuja kwa ndege, meneja ni wa nje na chumba kimelipiwa Ulaya, kilichobaki Kiwengwa ni nini? Itakufundisha na misimu, kwa nini Aprili na Mei masika hoteli zinafunga.

Tatizo langu nayo ni kuwa hoteli haiajiri mchumi. Inaajiri aliesoma ukarimu, au mwenye Kitaliano, Kifaransa, Kipolandi. Pengine ofisi ya kupanga bei za vyumba ndo ingekuhitaji, na pale wanataka Excel na kichwa cha takwimu kuliko cheti cha uchumi wa utalii. Kamisheni ya Utalii na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji Zanzibar, wanaajiri lakini kwa uchache.

Sasa uchumi wa mazingira, ambao vyuo vyengine siku hizi wanauvalisha jina la uchumi wa buluu, watu wanaukwepa wakidhani ni somo la kupanda mikoko. Kumbe lina mashine nzuri sana ndani. Kuna modeli ya mchumi Gordon ya 1954, inakuonesha kwa nini bahari isiyo na mwenyewe watu watavua hadi faida iishe kabisa, hata kama kila mmoja ana akili timamu, mana samaki ninaemuacha leo kesho atavuliwa na mwengine. Ukitoka darasani unakwenda Kisiwa Panza kule Pemba unaikuta kwa vitendo, wanakijiji wanafunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa pweza wakue, siku ya kufungua wanavuna wakubwa, na ugomvi wote unakuwa kwenye nani analinda na nani anaiba usiku, ambao nao umo kwenye kitabu. Kuna mwani, ulioanza kulimwa kibiashara 1989 pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ile aina ya cottonii ina bei nzuri lakini maji yakipata joto inakufa, wakinamama wakabaki na spinosum ya bei ndogo, haya kokotoa hasara hiyo ya joto kwa shilingi uone kama ni mchezo. Tena kozi hii inakufundisha kupima thamani ya kitu kisichouzwa, kwa mfano msitu wa Jozani na kima punju wake, unatumia gharama za safari wageni walizolipa kufika pale, na hapo ushafanya uchambuzi wa utalii bila ya kuchukua kozi ya utalii.

Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ipo tangu awamu hii ilipoingia 2020, miradi ya bahari na tabianchi inatangaza kazi, na tathmini ya athari za mazingira inatakiwa kwa uwekezaji mkubwa. Mimi naichukua mazingira, bila ya kufikiri mara mbili. Ila wakati wa kuandika sivii liandike kwa maelezo, sema umefanya uchambuzi wa nini kwa data gani, mana ukiandika tu "uchumi wa mazingira" bosi atadhani umesomea usafi wa mji.

Zilizobaki kwa haraka. Mafuta na gesi: mkataba wa kitalu cha Pemba-Zanzibar na kampuni ya RAK Gas ulisainiwa 2018, watu wakakimbilia kusoma, bado tunasubiri, chukua kama unapenda lakini usiweke mayai yote humo. Uchumi wa afya ni mzuri mno ila kwetu unaanza kulipa ukiwa na mastazi. Nadharia ya michezo (sio mpira, ni namna watu wanavyoamua kila mmoja akimpigia mwenzake hesabu), kama lekchara ni mzuri, chukua kwa raha ya akili, hutojuta. Ujasiriamali, ile ya A nje nje: ukweli mama ntilie wa Kwamtipura anaijua zaidi ya anaeisomesha, lakini kama GPA inakuuma na unahitaji kuinua kichwa, opsheni moja ya hivyo sikulaumu, moja tu.

Namna ninavyozichanganya mie ni chombo kimoja na uwanja mmoja. Chombo ni ekonometria, uwanja ni chochote ulichokipenda humo juu, kisha andika utafiti wako wa mwaka wa tatu kwa chombo hicho ndani ya uwanja huo, na fildi, yale mafunzo ya kazini, uombe ofisi ya uwanja huohuo, sio ile ya karibu na kwa shangazi ambapo utapelekwa kutoa fotokopi wiki nane. Mtu aliechukua ekonometria na fedha za umma akaandika utafiti kuhusu makusanyo ya VAT ya hoteli ana kitu cha kuweka mezani. Mtu aliechukua benki, utalii, mazingira na maendeleo akaandika utafiti kuhusu jambo la tano, anaeleweka na mamaake tu.

Mdogo wangu jana usiku kanijibu. Ekonometria kaikubali kwa shingo upande, fedha za umma kaipenda, ile ya tatu bado anavutana, yeye anataka mazingira mamdogo anataka fedha za Kiislamu na kashamwambia hata suruali ya Idi mwaka huu inategemea. Nkamwambia kabla hamjagombana nenda kwanza idarani Alkhamisi asubuhi ukaulize kama mara hii inasomeshwa.